Kiegemeo cha mguu wa kushoto: cha kiwandani, bamba la alumini, cha kubandika au cha kuchongesha?

Mguu wa kulia wa dereva hauna swali: ni mafuta na breki, basi. Wa kushoto ndio wenye utata. Kwenye gari lenye klachi hufanya kazi kwa vipindi, kisha hukaa bure hadi gia nyingine. Kwenye otomatiki hukaa bure safari nzima. Na mguu wa mtu mzima si kitu chepesi, ni karibu sehemu moja kati ya sita ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 ana kilo 11 hivi zinazotafuta mahali pa kutulia. Zikikosa, zitajitafutia zenyewe: chini ya siti, kwenye nundu ya katikati, au juu ya klachi yenyewe.

Hapo ndipo kinapoingia kiegemeo, lile bamba au bonge la plastiki lililo kushoto kabisa mwa pedeli, ambalo halisogei wala halijaunganishwa na chochote. Magari mengine hutoka nacho kiwandani, mengine hayana, na mengine yanacho lakini kiko mahali pasipomfaa dereva. Nitavilinganisha viegemeo hivi kwa jicho la mtu anayetaka kuvikanyaga, si kuvipiga picha. Na niseme msimamo wangu mapema tusipotezeane muda: kwa magari mengi cha kiwandani ndicho bora. Cha kuchongesha kwa fundi kinashinda pale ambapo cha kiwandani hakipo au mguu haukifikii. Bamba la alumini ni pambo zaidi ya msaada. Cha kubandika kina mahali pake, ila ni padogo. Lakini kabla ya vyote hivyo kuna siti.

Kaa kwanza, ndipo upime

Kiegemeo kilichofungwa kwa kufuata mkao mbovu kitakulazimisha ubaki na mkao huohuo mbovu. Mtu aliyezoea kulala nyuma, siti imesogezwa mbali na mgongo umelazwa, mguu wake wa kushoto haufiki mbele. Atakwambia gari lake linahitaji kiegemeo kinene. Msogeze mbele kidogo tu na uunyanyue mgongo wa siti, utashangaa: unyayo unagota wenyewe kwenye kile kilichokuwapo siku zote.

Kwa hiyo vaa viatu unavyoendeshea kila siku, toa pochi kwenye mfuko wa nyuma (pochi nene huinua tako moja na kuupinda uti wa mgongo kidogo, na hakuna kiegemeo kitakachorekebisha hilo), kisha sukuma makalio hadi yaguse kona ya siti. Anza na urefu wa siti kwenda juu. Pandisha mpaka uone barabara vizuri juu ya usukani huku ngumi yako ikipita kati ya kichwa na paa. Nyonga zisiwe chini ya magoti, kama gari linaruhusu. Ndipo usogee mbele na nyuma: kanyaga klachi hadi chini kabisa, na goti libaki limekunjika kidogo. Goti likinyooka kabisa uko mbali. Likigonga chini ya usukani uko karibu mno. Kwenye otomatiki pima kwa breki, ikikanyagwa kwa nguvu kama vile mtoto amekatiza barabara, na injini ikiwa inawaka. Injini ikizimwa, pedeli ya breki huwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache kwa sababu msaada wa breki umekwisha, na kipimo chako kitakudanganya.

Mgongo wa siti nao. Wengi hupendelea pembe ya nyuzi 100 hadi 110 kutoka kwenye kalio la siti, yaani umesimama lakini hujakakamaa. Jaribio rahisi ni kunyoosha mkono na kulaza kifundo chake juu kabisa ya usukani. Bega likiachana na siti ili ufike, umelala mno. Baada ya hapo vuta usukani au ushushe hadi viwiko vikunjike vizuri ukiwa umeushika kushoto na kulia, usawa wa katikati.

Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inashauri dereva akae angalau sentimita 25 kutoka kifuani hadi katikati ya usukani, kwa sababu eabegi, ule mfuko wa hewa wa kumkinga dereva wakati wa ajali, hufunguka kwa nguvu kubwa na anayekaa karibu mno anaweza kuumizwa nayo. Hapa ndipo watu wafupi wanapobanwa: miguu inadai wasogee mbele, eabegi inadai warudi nyuma. Mpangilio wangu kwao ni huu. Kwanza pandisha siti, kwa sababu mara nyingi ukiipandisha miguu hupata pembe bora ya kufikia pedeli. Pili laza mgongo wa siti kidogo, kifua kirudi nyuma bila miguu kusogea. Tatu elekeza usukani kifuani, usiuelekeze usoni. Kama bado sentimita hazitoshi, kinachohitajika ni virefusho vya pedeli vinavyofungwa na fundi anayevijua. Kiegemeo kirefu cha mguu hakitatibu hilo, japo utakihitaji pia baada ya virefusho, maana pedeli zikisogea nyuma, na mguu wa kushoto unataka pa kuegemea palipolingana nazo.

Mkanda upite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, na kipande cha juu kikatize katikati ya bega. Mto wa kichwa upande hadi ukaribie utosi, na uwe karibu na kisogo kadiri inavyowezekana. Vioo mwisho, kwa sababu kila ulichogusa hapo juu kimehamisha macho yako.

Sasa ndiyo zamu ya mguu wa kushoto. Ukiwa umekaa hivyo, uinue, uutikise, kisha uushushe kushoto mwa klachi bila kufikiri. Pale unyayo ulipoangukia na kisigino kilipogusa sakafu, weka alama ya chaki. Rudia mara kadhaa. Alama zitarundikana sehemu moja. Hapo ndipo kiegemeo kinapotakiwa kuwa, hata kama kile kilichopo kiko kwingine.

Kiegemeo kizuri kinapimwaje

Piga magoti nje ya mlango, tochi mkononi, kichwa karibu na usukani. Kuna mambo matatu ya kuangalia, na la kwanza ndilo linaloua viegemeo vingi vya madukani.

Klachi haisogei kwa mstari ulionyooka. Katika magari mengi pedeli imening'inia kutoka juu, kwa hiyo ikikanyagwa huenda mbele na chini kwa mkunjo. Kiatu nacho huenda pamoja nayo, na kiatu cha mtu mzima kina upana wa sentimita 10 hivi, kikubwa kuliko pedeli yenyewe. Ile nafasi unayoiona pembeni mwa klachi ikiwa imetulia haikwambii chochote. Mwambie mtu akae akanyage polepole hadi mwisho akiwa amevaa kiatu kipana, huku wewe ukitazama ukingo wa kushoto wa soli. Kati ya soli na kiegemeo pawe na nafasi ya vidole viwili katika safari yote, kwenda na kurudi. Kurudi ndiko kunakosahaulika: kuna viegemeo ambavyo kiatu huvipita vizuri kikienda, kisha ukingo wa juu hukishika kikirudi, na klachi inabaki imebanwa nusu.

La pili ni kina. Uso wa kiegemeo ukilingana na klachi ambayo haijakanyagwa, mguu unahama kushoto na kulia bila goti kubadili pembe. Ukiwa ndani zaidi kidogo, sawa tu, wengine hupenda hivyo. Ukitokeza nje kuliko klachi, goti litapanda, na kila gia utakuwa unashusha mguu kwanza ndipo ukanyage. Hicho usikinunue hata kwa bei ya kutupa.

La tatu ni mlalo. Uso uinuke kama ngazi iliyoegemezwa ukutani, unyayo mzima ulale juu yake na kisigino kibaki sakafuni. Uliolala sana unaufanya mguu uteleze mbele. Uliosimama wima unachosha kifundo.

Kuna pia suala la usukani uko upande gani, ambalo wauzaji hulipita kimya. Klachi, breki na mafuta hupangwa kutoka kushoto kwenda kulia katika magari yote, ya usukani wa kulia na wa kushoto. Lakini majirani hubadilika. Usukani ukiwa kushoto, mguu wa kushoto uko upande wa mlango, na tumbo la madigadi lililoingia ndani hutoa mahali pa asili pa kuegemea. Usukani ukiwa kulia, mguu huohuo unabanwa na nundu ya katikati inayofunika giaboksi, na tumbo la madigadi liko upande wa mafuta likizisukuma pedeli zote kushoto. Ndiyo maana gari lilelile, likiwa na usukani wa kulia, linaweza kuwa na kiegemeo chembamba kama rula au lisiwe nacho kabisa. Na ndiyo maana kipuri cha toleo moja hakiingii kwenye toleo jingine, hata jina la gari likiwa lilelile.

Cha kiwandani dhidi ya cha kuchongesha

Huu ndio ushindani wenyewe, hivyo vingine ni wasindikizaji.

Cha kiwandani kwa kawaida ni plastiki iliyofinyangwa au bonge lililofichwa chini ya kapeti. Faida yake kubwa ni kwamba waliokichora walikuwa na gari zima mbele yao: safari ya klachi, waya, mabomba ya hewa ya moto na baridi, kapeti yenyewe. Mambo yale matatu niliyoyataja yamekwisha kupimwa. Na kuna siri ndogo ya kuokoa fedha. Mara nyingi toleo la bei ya chini la gari huuzwa bila kiegemeo ilhali toleo la juu lake linacho, na sakafu ni ileile. Inua kona ya kapeti kushoto mwa klachi. Ukikuta bolti fupi iliyochomelewa kwenye bati, au tundu lililozibwa kwa kifuniko cha mpira ambalo halina kazi inayoonekana, kuna uwezekano mkubwa kwamba hapo ni kwa ajili ya kiegemeo ambacho gari lako halikuja nacho. Agiza kwa namba ya chesisi, kitaingia bila drili.

Udhaifu wake? Plastiki iliyo wazi kwa ndani hubonyea ukiisukuma kwa nguvu, nyingine hulia. Uso husuguliwa hadi ukawa laini. Na kimepimwa kwa dereva wa wastani. Ukiwa na miguu mirefu sana, kisigino chako kitagota mapema na vidole vitapita juu ya ukingo. Ukiwa mfupi, utakigusa kwa vidole tu, na kuegemea kwa vidole si kuegemea.

Cha kuchongesha ni bamba la chuma cha milimita 3, au alumini nene zaidi kidogo, lililokunjwa na kupewa miguu miwili inayofungwa sakafuni. Uzuri wake ni kwamba kinafuata chaki yako. Kinaweza kusogezwa nyuma kwa ajili ya mfupi, kuzamishwa kwa ajili ya mrefu, kupunguzwa upana kwa ajili ya gari lenye nundu inayobana. Ukimwambia fundi aweke matundu marefu badala ya ya mviringo kwenye miguu yake, unaweza kukisogeza baadaye akiendesha mwingine wa nyumbani. Hakibonyei. Katika magari ya rali hata msoma ramani anayekaa pembeni ana bamba lake la kuegemeza miguu, na ni la chuma kwa sababu hiyohiyo: mwili mzima unashikiliwa pale gari linapokata kona au kuruka.

Hatari yake yote iko kwenye kufunga. Bati la sakafu ya gari ni jembamba, aghalabu karibu milimita 1 au pungufu. Skrubu ya kujitoboa haipati hata uzi mmoja kamili wa kuling'ang'ania bati kama hilo. Itashika leo, baada ya misukumo kadhaa itapanua tundu lake na kuanza kucheza. Na ncha yake imetokeza chini ya gari, ambako katika magari mengi hupita bomba za breki na za mafuta. Njia ninayoiamini ni kutumia bolti zilizopo tayari, za bano la kapeti au bolti zozote za bodi zilizo karibu ambazo hazibebi kitu cha usalama. Za siti na za pedeli hapana. Zisipopatikana, ndipo nati ya riveti, ile inayojibana kwenye bati lenyewe, ya milimita 6, yenye washa pana, tundu likipakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufungwa. Gari la umeme au haibridi halitobolewi sakafu kabisa. Chini kunaweza kuwa na betri, na waya za rangi ya chungwa ni za umeme mkubwa.

Mazungumzo na fundi huwa hivi:

"Bosi, hapa ni skrubu mbili tu, nusu saa umeondoka."

"Fundi, chini ya hapo kuna nini?"

Kama hajui na hajainua gari kutazama, shukuru, uondoke. Fundi anayefaa atakuuliza yeye kwanza kama gari lina eabegi za pembeni, kwa sababu waya zake zinaweza kupita chini ya kapeti karibu na kizingiti cha mlango, na kifaa kinachozidhibiti eabegi mara nyingi hukaa kwenye nundu ya katikati. Kwa gari la usukani wa kulia, hapo ni jirani kabisa na unapotaka kutoboa.

Bamba la alumini

Linapendeza, sikatai. Huuzwa pamoja na vifuniko vya klachi, breki na mafuta vya rangi moja, likiwa na vitundu na nukta za mpira. Lakini bamba hili halina mwili wake. Ni ngozi ya kuvalisha kiegemeo kilichopo. Kama gari halina kiegemeo, bamba halitakupa. Kama kilichopo kiko vibaya, bamba litakuwa vibaya pamoja nacho, na milimita chache zaidi juu.

Kazi yake halali ni moja: kufufua plastiki iliyolika. Hapo chagua lenye nukta za mpira zilizopenya hadi upande wa pili zikabanwa, zile za kubandikwa hung'oka. Alumini tupu ikilowa huteleza kuliko plastiki ya zamani. Lifungwe kwa skrubu fupi na washa kwenye plastiki yenyewe, kingo zikiwa zimekunjwa ndani ili zisiparure soli. Vile vifuniko vya breki vinavyokuja kwenye seti hiyo viache kwenye boksi kama vinashika kwa vibanio tu. Kifuniko kinachozunguka chini ya mguu wakati wa breki ya dharura ni jambo jingine kabisa.

Cha kubandika

Hiki ni kipande cha mpira mgumu au plastiki chenye tepu ya pande mbili mgongoni. Kwa anayeendesha gari la kukodi, la kazini au la umeme, ambalo hawezi kulitoboa, ndicho pekee kilichobaki, na kinafanya kazi kuliko watu wanavyodhani, ila kwa masharti. Hakishiki kwenye kapeti. Hakishiki kwenye plastiki yenye vumbi au mafuta ya kung'arisha. Kinataka uso mgumu, uliosafishwa kwa spiriti, uliokauka, na joto la kawaida. Tepu nzuri ya povu la akriliki hufikia nguvu yake kamili baada ya saa 72 hivi, kwa hiyo kibandike siku ambayo gari litalala.

Tepu huvumilia msukumo wa moja kwa moja vizuri, na kuegemea ni msukumo wa moja kwa moja. Kinachoishinda ni kuchunwa kutoka kwenye kona. Ukiwa na tabia ya kuburuza kiatu ukingoni kila unapohamia klachi, kona itaanza kunyanyuka. Kwa otomatiki, ambako mguu ukishawekwa hauondoki, kinadumu zaidi.

Na ile kabari ya povu

Ya kuweka tu sakafuni, bila kufungwa? Hapana. Kitu chochote kilicho huru karibu na pedeli kitaishia chini ya pedeli. Septemba 2009 Toyota iliwatahadharisha wenye magari karibu milioni 3.8 nchini Marekani kuhusu mipira ya kukanyagia ya sakafuni inayoweza kunasa pedeli ya mafuta, baada ya ajali ya Agosti mwaka huo huko California, ambapo watu 4 waliokuwa ndani ya Lexus ES 350 walikufa. Gari lile lilikuwa limewekewa mpira wa kukanyagia usio wake. Ule ulikuwa mpira bapa. Bonge la povu linaviringika.

Nani achukue kipi

Gari lako lina klachi na unakaa mjini kwenye foleni: unahitaji kiegemeo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu wewe ndiye unayelaza mguu juu ya klachi kati ya gia na gia. Uzito mdogo tu wa mguu huisukuma beringi ya klachi kwenye springi, springi hulegeza mbano wake, na plati huanza kuteleza na kupata joto. Huhisi chochote mpaka klachi iishe mapema. Kwako upana hauna umuhimu kama ile nafasi ya vidole viwili. Tafuta cha kiwandani, hata chembamba.

Unasafiri mbali: hapo kina na mlalo ndivyo vinavyohesabika. Kukaa saa nyingi mguu mmoja ukisukuma na mwingine ukining'inia huipinda nyonga, na kiuno hulipa. Cha kuchongesha kinakufaa kama miguu yako si ya wastani.

Otomatiki: nafasi ni kubwa, huna klachi ya kuogopa, na kiegemeo kinaweza kuwa kipana kadiri utakavyo. Kina faida nyingine: mguu wa kushoto ukiwa na kwao hauzururi kwenda kwenye breki. Anayeigusa breki kwa mguu wa kushoto bila kujua huwasha taa za breki safari nzima, na wa nyuma hawajui lini anasimama kweli. Lakini angalia kushoto kabisa kwanza. Magari kadhaa ya otomatiki yana breki ya kuegeshea inayokanyagwa kwa mguu huo. Kiegemeo kisiizuie kushuka hadi mwisho wala kurudi, na kisikae chini yake.

Usukani wa kulia na nundu inayobana, huna hata sentimita 8 kushoto mwa klachi: usilazimishe. Kibandiko chembamba kwenye ukuta wa nundu, kinachoupa ubavu wa kiatu mahali pa kuegemea na kisigino kikibaki sakafuni, kinatosha. Bora hicho kuliko kiegemeo kamili kinachoshika kiatu.

Na kuna wale ambao, wakishapanga siti kama nilivyoeleza, watakuta mguu umetulia vizuri kwenye mteremko wa sakafu palepale ulipo kapeti. Hao wasinunue kitu.

Siku ya kufunga

Kata kwanza umbo la kiegemeo kwenye kadibodi ngumu, likunje, libandike kwa tepu ya karatasi pale kwenye chaki, uendeshe nalo polepole mahali wazi pasipo na magari. Kadibodi itakwambia kwa dakika chache kila kitu ambacho chuma kingekwambia baada ya kulipa. Ikichanika upande wa klachi, punguza hapo.

Kama kuna kazi ya drili, hasi ya betri ifunguliwe na kapeti inyanyuliwe kabisa, isitobolewe kwa juu, kwa sababu drili huukamata uzi wa kapeti na kuuzungusha hadi ukakuachia kidonda kirefu. Alumini ikikutana na chuma penye matope na unyevu huliwa, kwa hiyo weka washa za plastiki au rangi katikati.

Kikishafungwa, rudisha mpira wa kukanyagia na uukate kuzunguka kiegemeo. Usipite juu yake, kwa maana hapo umeongeza unene na utelezi kwa mpigo mmoja, na hakikisha vile vishikizo vyake vya sakafuni bado vinashika. Kaa, funga mkanda, kanyaga klachi hadi mwisho ukiwa na viatu vyako vipana kuliko vyote, kisha ukiwa na soli iliyolowa. Baada ya wiki moja ya kuendesha, chukua spana ukaze tena nati zote: kapeti hushindiliwa chini ya miguu ya bamba, na nati iliyokuwa imekaza siku ya kwanza huanza kuzunguka kwa kidole.